Nyanza Kusini kwa karavani: Barabara zipo, pa kulala msafiri ni wapi?

KILA mwaka ifikapo mwezi Juni, jua la kiangazi linapoanza kukolea barani Ulaya, barabara kuu za Uhispania hujaa magari yanayokokota nyumba ndogo za magurudumu. Ndani yake mna familia nzima: baba, mama, watoto na pengine mbwa wao. Wengine hutoka Uingereza na kuvuka bahari kwa feri hadi bandari za Santander na Bilbao, wengine hushuka kutoka Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, na Wahispania wenyewe hawabaki nyuma. Huzunguka kwa majuma kadhaa, leo wako milimani, kesho wako ufuoni, bila ya kulipia chumba cha hoteli hata usiku mmoja.

Miezi hiyo hiyo ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi mwafaka ya kuzuru pembe ya kusini magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Masika huwa yamepungua makali, shule hufungwa mwezi Agosti, na katika bonde la Lambwe huonekana wanyama na ndege ambao ni nadra kuonekana kwingineko nchini. Pamoja na hayo, msafiri anayeliendesha gari lake kutoka Narok kuelekea Kisumu, au kutoka Tanzania kupitia Isebania, mara nyingi hupita tu. Hununua mafuta, hunywa chai, kisha huendelea na safari yake kabla jua halijatua.

Sababu si upungufu wa vivutio, wala si barabara peke yake. Kinachokosekana ni kitu kidogo ambacho gharama yake haikaribii hata kidogo gharama ya kujenga hoteli: kiwanja salama chenye maji, choo na mlinzi, ambapo msafiri anaweza kusimamisha gari lake na kulala. Makala haya yanaeleza usafiri wa aina hii ni upi, njia ya kupitia katika kaunti hizo mbili ikoje, na kwa nini jambo linaloonekana kuwa la anasa ya wageni linahusu moja kwa moja mfuko wa mvuvi wa Mbita na mama muuza omena wa Sori.

Karavani ni nini?

Neno karavani halipaswi kuwa geni kwa Waswahili. Asili yake ni Uajemi, na maana yake ya kwanza ni ile ile ya msafara: kundi la watu na wanyama wanaosafiri pamoja nyikani kwa ajili ya usalama. Baadaye Wazungu walilitumia kwa gari la kukokotwa ambalo ndani yake mtu anaweza kulala. Mwaka 1885, daktari na mwandishi mmoja wa Uskoti, William Gordon Stables, aliagiza atengenezewe gari la kukokotwa na farasi kwa ajili ya kutalii tu. Aliliita The Wanderer, yaani mzururaji, na hadi leo linatajwa kuwa karavani ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya starehe.

Siku hizi yapo makundi matatu makuu. La kwanza ni karavani yenyewe, ambayo ni trela lenye vitanda, jiko la gesi na meza, likokotwalo na gari dogo. La pili ni gari-nyumba, ambalo injini na chumba cha kulala viko katika chombo kimoja. La tatu, ambalo ndilo linaloonekana zaidi Afrika Mashariki, ni gari lenye uwezo wa kupita njia mbovu, lililofungwa hema juu ya paa. Msafiri hupanda ngazi usiku, hulala, na asubuhi hulikunja hema na kuendelea.

Aina zote tatu zina mahitaji yanayofanana. Zinahitaji ardhi tambarare isiyotuama maji, maji safi ya kujaza tangi, mahali pa kumwaga maji machafu na uchafu wa choo, na usalama wa usiku. Umeme ni nyongeza nzuri, ingawa wengi sasa hubeba paneli za sola. Msafiri wa namna hii hahitaji kitanda cha hoteli, lakini bado atahitaji samaki, mboga, mkate, mkaa, mafuta ya gari, fundi wa magurudumu na mtu wa kumwonyesha njia. Hapo ndipo fedha zake zinapowafikia wananchi wa kawaida.

Njia yenyewe

Kwa anayetoka Nairobi, njia iliyozoeleka ni ya Narok, Bomet, Sotik hadi Kisii, kisha kushika barabara kuu inayoshuka kusini kupitia Rongo na Awendo hadi Migori na mpaka wa Isebania. Barabara hiyo, inayoiunganisha Kenya na mkoa wa Mara nchini Tanzania, ilifanyiwa ukarabati mkubwa katika muongo uliopita. Lami ni nzuri, ila matuta ni mengi, na anayekokota trela hana budi kuyakumbuka kabla hayajamkumbusha.

Baada ya Rongo, mashamba ya miwa hutanda pande zote. Awendo ndiko kilipo kiwanda cha sukari cha Sony, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970. Trekta zenye kubeba miwa hutembea polepole, na nyingine hazina taa za nyuma. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutosafiri usiku katika eneo hili.

Kutoka mji wa Migori, safari ya takriban kilomita 46 kuelekea kaskazini magharibi humfikisha msafiri Thimlich Ohinga. Hapa pana kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kugandisha, jiwe juu ya jiwe, ambazo wataalamu wanakadiria zilijengwa katika karne ya 16. Urefu wake ni kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na unene wake hufikia mita tatu. Katika lugha ya Dholuo, ohinga ni ngome au boma lililozungushiwa ukuta, na jina Thimlich huelezwa kuwa na maana ya msitu mnene wa kutisha. Ndani ya kuta hizo watu waliishi pamoja na mifugo yao, wakijikinga dhidi ya maadui na wanyama wakali.

Mabaki ya kuta za aina hii yamehesabiwa kuwa zaidi ya 500 katika eneo zima la Nyanza Kusini, ila Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vyema zaidi. Mwaka 2018, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiorodhesha kuwa miongoni mwa turathi za dunia, na hivyo kuiweka katika daraja moja na Mji Mkongwe wa Lamu na Ngome ya Yesu ya Mombasa. Hata hivyo, tofauti ni kubwa: anayezuru Lamu hulala Lamu, na anayezuru Ngome ya Yesu hulala Mombasa. Anayezuru Thimlich huangalia saa yake na kuanza kuhesabu kilomita za kurudi mjini kabla ya giza.

Bonde la Lambwe

Kutoka Thimlich, barabara za changarawe hupanda kuelekea kaskazini na kuingia Kaunti ya Homa Bay, hadi bonde la Lambwe lililo kati ya milima ya Gwassi na ukingo wa Kanyamwa. Ndani ya bonde hilo imo Hifadhi ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Ilitengwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1966 na kupandishwa daraja kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1983.

Ruma ni makao pekee nchini Kenya ya korongo, si yule ndege mwenye miguu mirefu, bali yule mnyama wa jamii ya paa mwenye umbo la farasi, masikio marefu na uso wa rangi nyeusi na nyeupe. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba walikuwa wamesalia chini ya 20. Mnyama huyu akitoweka Ruma, atakuwa ametoweka Kenya nzima. Wapo pia twiga, taya, nyati na vifaru, ambao walirejeshwa katika muongo uliopita.

Aidha, kati ya mwezi Aprili na Septemba huja mbayuwayu wa rangi ya buluu, ndege adimu anayezaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, kisha kupaa hadi kandokando ya Ziwa Victoria kungoja msimu wa huko upite. Hivyo, wakati Mzungu anapofunga karavani yake kuelekea Uhispania, ndege huyu naye anakuwa tayari yuko Lambwe. Atakayetaka kumwona hana budi kufika kabla Septemba haijaisha.

Ndani ya Ruma, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS) lina maeneo ya kupigia kambi pamoja na nyumba ya wageni. Malipo ya kuingia hufanywa kwa njia ya mtandao wa serikali wa eCitizen wala si kwa fedha taslimu langoni, kwa hiyo ni vyema kulipa mapema kabla ya kufika mahali ambapo mawasiliano ya simu ni hafifu. Udongo wa bonde hili ni mweusi na hunata vibaya unaponyeshewa. Mvua ya saa moja inatosha kulizamisha trela hadi ekseli, na mwenye gari lisilovuta kwa magurudumu manne hana sababu ya kujaribu bahati yake.

Kwa muda mrefu, jina la Lambwe lilizua hofu kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani ugonjwa huo uliwaua watu na mifugo na kuwahamisha wengine. Lakini mambo yamebadilika. Kisa cha mwisho cha maambukizi ya malale kwa binadamu ndani ya Kenya kilirekodiwa mwaka 2009, na mwezi Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o bado wapo, na wanauma. Mavazi ya rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi huwavutia, kwa hiyo msafiri avae rangi hafifu na afunge vioo vya gari.

Ziwani: Mbita na Rusinga

Kutoka Lambwe, njia hufika kwenye barabara ya lami itokayo mjini Homa Bay kuelekea Mbita, mwendo wa takriban kilomita 40. Hapo ziwa hujitokeza lote: maji, visiwa na mashua za wavuvi. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia sita tu. Lakini katika asilimia hiyo sita ndimo yalimo maisha ya maelfu ya familia za Homa Bay na Migori zinazotegemea mbuta, ngege na omena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mbita na kisiwa cha Rusinga viliunganishwa kwa tuta lililojazwa mawe na udongo. Watu na magari yakapita, ila maji yakazibiwa njia. Mwaka 2017 daraja lilifunguliwa mahali hapo, maji yakaanza tena kutiririka kati ya pande mbili, na sasa karavani inaweza kuingia Rusinga bila kupanda chombo cha majini.

Rusinga ni kisiwa kidogo chenye historia kubwa. Mwaka 1948, mtafiti Mary Leakey alifukua huko fuvu la kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, ugunduzi uliolitangaza jina la Rusinga katika vyuo vikuu vya dunia. Huko huko, Kamasengre, ndiko alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa na mtetezi wa wafanyakazi aliyepigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jumba lililojengwa juu ya kaburi lake lina umbo la risasi. Atakayefika hapo mwanzoni mwa mwezi Julai atakuwa amefika katika majira yale yale ya msiba uliolitikisa taifa.

Kutoka Mbita, mashua huelekea kisiwa cha Mfangano, ambako kuna michoro ya kale kwenye mawe na makumbusho ya jamii ya Abasuba. Safari hii hufanywa bila karavani, na hapo ndipo swali la mahali salama pa kuiacha linapozuka. Msafiri asiye na uhakika na usalama wa mali yake hatapanda mashua. Asipopanda, nahodha hana nauli, mwongoza wageni hana kazi, na makumbusho hayana kiingilio.

Homa Bay hadi Kendu Bay

Safari ikirudi bara, hupita mji wa Homa Bay ulio chini ya kilima cha Asego, kisha hufuata ufuo kuelekea mashariki hadi rasi yenye Mlima Homa. Katika rasi hiyo, mahali paitwapo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zilizotumiwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Kwa maneno mengine, watu wa kale walipiga kambi na kula ufuoni hapa kabla ya neno kambi kuwapo.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima, ambalo nyakati fulani hutembelewa na heroe. Jina lake lina maana ya kijiji kilichozama. Wenyeji husimulia kwamba ajuza mmoja mchovu alifika kijijini usiku, watu wakiwa katika karamu, akaomba chakula na mahali pa kulala. Alifukuzwa na kila mtu, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemhurumia. Ajuza akamwambia mwanamke huyo aondoke na watu wake mara moja. Usiku ule mvua kubwa ikanyesha, ardhi ikadidimia, na kijiji kizima kikazama pamoja na waliokuwamo. Wanajiolojia wana maelezo yao kuhusu shimo hilo la volkano, ila kisa cha wenyeji kina funzo lililo wazi: jamii inayomnyima msafiri pa kulala hujidhuru yenyewe.

Baada ya Kendu Bay, barabara ya lami huendelea hadi Katito na kuungana na njia ya kwenda Kisumu. Kwa mwendo wa polepole, mzunguko huu wote huhitaji siku tano hadi saba.

Mambo ya kuzingatia

Hatari kubwa kuliko zote si simba wala mamba, bali ni mbu. Ukanda wa ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na si ajabu kwamba uzinduzi wa chanjo ya malaria nchini Kenya, mwezi Septemba mwaka 2019, ulifanyika Ndhiwa katika kaunti hii hii ya Homa Bay. Chandarua na dawa za kinga kwa mgeni si hiari. Madirisha ya karavani yawe na wavu usiotoboka.

Maji ya ziwa yasiogewe ovyo kandokando ya matete, kwa kuwa kichocho kipo, na mamba nao wapo. Viboko hutoka majini usiku kulisha nchi kavu na hupita njia zao za siku zote. Hema likiwekwa katikati ya njia hiyo, si hema litakalopewa heshima. Tena, kina cha ziwa hubadilika: mwaka 2020 na mwaka 2024 maji yalipanda na kufunika nyumba na mashamba ya watu waliokaa ufuoni. Kambi ipigwe mahali palipoinuka, mbali na ukingo.

Upande wa Nyatike, karibu na Macalder ambako mgodi wa shaba na dhahabu ulichimbwa tangu enzi za ukoloni, wachimbaji wadogo wanaendelea kutafuta dhahabu. Mashimo mengine yameachwa wazi kando ya vijia. Msafiri asiache barabara na kuingia porini bila mwenyeji.

Mwisho, ni suala la adabu. Katika kaunti hizi karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na sehemu inayoonekana kuwa uwanja mtupu huenda ikawa malisho ya mtu au mahali walipozikwa wazee wake. Kupiga hodi, kusalimia na kuomba ruhusa kwa mwenye boma, mzee wa kijiji au chifu si urasimu bali ni ulinzi. Mgeni anayejulikana na wenyeji hulala salama kuliko aliyejificha nyuma ya kichaka.

Funzo kutoka Uhispania

Si kwamba Uhispania haikuwa na matatizo. Nchi hiyo, ambayo mwaka 2024 ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 90, ilijikuta na magari-nyumba yaliyosongamana ufuoni, maji machafu yakimwagwa barabarani na wakazi wakilalamika. Sheria yake ya Pwani ya mwaka 1988 inakataza kupiga kambi na kuegesha magari ufuoni bila idhini.

Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri wa barabarani ya nchi hiyo ilitoa mwongozo uliotenganisha mambo mawili. Gari-nyumba linalogusa ardhi kwa magurudumu yake tu, bila ya kutandaza kitu nje wala kumwaga maji, limeegeshwa kama gari jingine lolote. Likitoa turubai, viti na meza nje, limepiga kambi, na kambi inahitaji mahali palipotengwa. Miji mingi midogo, hata ile isiyo na bahari, iliamua kutenga viwanja maalumu vyenye mabomba ya maji na mashimo ya kumwagia uchafu, kwa malipo madogo na mara nyingine bure. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: msafiri akilala kijijini, atanunua mkate kijijini.

Nani afanye nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Kwa hiyo bunge la Kaunti ya Migori au la Homa Bay halihitaji kungoja Nairobi ili kutenga ekari mbili karibu na Thimlich, Sori, Mbita au Kendu Bay, kuweka tangi la maji, vyoo, shimo la uchafu na mlinzi, na kupanga ada ya kulala.

Usimamizi nao hauhitaji kampuni kubwa. Chini ya kanuni za uvuvi za mwaka 2007, kila ufuo wa kupakulia samaki huwa na kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, chenye wanachama, viongozi wa kuchaguliwa na vitabu vya hesabu. Vikundi hivi tayari hutoza ada, hulinda mashua usiku na huwajua wageni wanaoingia na kutoka. Kulinda gari moja la msafiri si kazi ngeni kwao. Mapato yake yangesaidia hasa katika miezi ambayo samaki huadimika na mvuvi hurudi nyumbani na wavu mtupu.

Wapo watakaouliza kama watalii wenyewe watakuja. Swali hilo ni la haki, kwani kiwanja kisicho na mtu ni hasara kwa walipa ushuru. Jibu la busara ni kuanza na kidogo: kiwanja kimoja au viwili, palipo na kivutio tayari, na kuhesabu waliolala kwa mwaka mmoja kabla ya kuongeza. Isitoshe, wateja wa kwanza si lazima watoke ng'ambo. Familia za Nairobi, Nakuru na Eldoret zenye magari na mahema huongezeka barabarani kila likizo ya Agosti, na nyingi huishia Naivasha au Maasai Mara kwa sababu huko zina uhakika wa mahali pa kulala.

Mwaka 2025 mji wa Homa Bay uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka mwezi Juni na Kongamano la Ugatuzi mwezi Agosti. Maelfu ya wageni walifika, na swali la malazi likajitokeza waziwazi. Hoteli hujengwa kwa miaka, na baada ya sherehe vyumba hubaki vitupu. Kiwanja cha kambi hutengenezwa kwa majuma machache, hupanuka wageni wanapokuja na hugeuka malisho wanapoondoka.

Lipo pia suala la usafi wa ziwa. Kama viwanja havitatengwa, wasafiri wachache wanaokuja wataendelea kulala popote na kumwaga uchafu popote, katika ziwa ambalo tayari linasumbuliwa na gugu maji na maji taka ya miji. Kutenga mahali, basi, si kumpendelea mgeni. Ni kumwekea mpaka pia.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, sehemu ya kwanza ya methali hiyo imeshughulikiwa kwa lami, daraja na jina katika orodha ya turathi za dunia. Sehemu ya pili itategemea kama mgeni huyo atapata mahali pa kusimamisha magurudumu yake jua linapozama nyuma ya Rusinga.